MJADALA: Bingwa wa spidiwei Uingereza atokane na msimamo au na mchujo?

Mzee wa Poole
Wakuu, mvua zimeanza huku, maana yake mchujo umefika. Mimi ni mkazi wa Poole miaka mingi na kila Oktoba donda linatoneshwa. Zamani ligi kubwa ya spidiwei ya hapa, hizi mbio za pikipiki za timu kwa timu, anayeongoza msimamo ndiye bingwa, kwisha. Toka 2002 wameleta mchujo: mara nyingi nne bora zinakutana nusu fainali, kisha fainali nyumbani na ugenini, pointi zinajumlishwa. 2010 tuliongoza kwa mbali, msimu mzima tunakimbia peke yetu. Usiku mbili tu za fainali, kombe likaenda Coventry. Coventry, timu ambayo leo hata pa kuegesha pikipiki haina! Naomba hoja: bingwa ni aliyelima au aliyetokea siku ya kuvuna?

Nyuki wa Coventry
Shikamoo mzee. Ila hapo kwenye "pa kuegesha" umenikanyaga. Uwanja wetu wa Brandon haukufa kwa uzembe wetu mashabiki. Toka 2016 hakuna injini iliyonguruma pale. 2018 tukawa wapangaji wa Leicester, ligi ya chini, nyumba ya mtu. Jirani akifiwa wewe huwa unamcheka?

Mzee wa Poole
Marahaba. Sijacheka msiba, nimezungumzia kombe.

Nyuki wa Coventry
Umezungumzia maegesho. Panda juu ujisome. Na 2011 mlibeba wenyewe kwa mchujo huohuo, mkawafunga Eastbourne. Mbona mwaka ule hukufungua mjadala?

Mzee wa Poole
2011 nilikuwa na mambo ya kifamilia.

Mtazamaji Tu
Samahanini, mie mpita njia. Hizi si ndizo zile bodaboda za wazungu zisizo na breki, zinakata kushoto mizunguko minne halafu watu wanaenda kunywa chai? Mnatoana macho kwa hilo?

Boda Mstaafu
Wewe Mtazamaji hebu ishia hapohapo. Nimeendesha boda Tandika miaka minne kabla sijaja huku. Boda ina breki, ina abiria anayekushika kiuno kama anazama, ina gunia la mkaa nyuma na trafiki anakusubiri mbele. Kazi ya watu usiifananishe na mchezo wa jioni.

Mtazamaji Tu
Kwani nimetukana nani? Nimesema hazina breki. Zina breki?

Boda Mstaafu
Hazina. Ila hujasema hivyo, umesema BODABODA.

Dada wa Gorton
Jamani kaka zangu. Hazina breki makusudi. Wanne wanaingia kona moja kwa kasi ileile, mmoja akishika breki ghafla, wa nyuma anampanda mgongoni. Unapunguza mafuta, unailaza, tairi la nyuma linaserereka nje, mguu wa kushoto unaburuza chini. Ndiyo maana wanavaa kiatu cha chuma mguu huo. Gia moja, methanoli badala ya petroli, na kamba kwenye kifundo cha mkono: ukianguka inachomoka, injini inazima.

Mara ya kwanza nilipelekwa Belle Vue, timu yetu ya Manchester, na mama mmoja wa Kiingereza tunayepokezana naye zamu za usiku. Tukakaa kona ya kwanza, sikujua kwa nini watu wazima wamejifunika. Utepe wa kuanzia ukaruka, wakaja, udongo ukanipiga usoni, mwingine ukatua kwenye chipsi zangu. Mama wa watu hata hakupepesa. Kalamu mkononi anajaza pointi kwenye kijitabu chake, wa kwanza hadi wa mwisho: tatu, mbili, moja, sifuri. Mbio 15, kila moja anaandika, na mtangazaji akikosea anamsahihisha kwa sauti.

Boda Mstaafu
Hapo kwenye kamba nimekuelewa. Tungekuwa nayo Tandika.

Mzee wa Poole
Turudi kwenye mada. Msimu wa 2024 ligi kubwa ilikuwa na timu 7, nne zinaingia mchujo. Darasa la watoto saba, wanne wanafaulu! Sasa timu hizo zilikuwa zinakimbilia nini toka machipuko? Halafu mtu wako tegemeo anaumia Poland, maana hawa wanakimbia ligi tatu kwa mpigo, unaazima mgeni wa timu nyingine akukimbilie nusu fainali. Huyo bingwa ni wa nani?

Chui wa Peterborough
Mzee mimi sitaki kusikia neno "mchujo" likitukanwa. 2021 walitucheka kabla msimu haujaanza, eti tumesajili wazee. Bjarne Pedersen na Scott Nicholls wote wameshavuka 40. Fainali tukawakalisha Belle Vue, vijana watupu. Raha ile msimamo haukupi. Msimamo unakupa bingwa Jumatatu ya Agosti huku mvua inanyesha na watu wako likizo.

Nyuki wa Coventry
Na uwanja wenu uko wapi leo, Chui?

Chui wa Peterborough
Umefungwa 2023. Unajua kabisa.

Nyuki wa Coventry
Karibu msibani. Viti vipo. Wolverhampton wamekaa kule, uwanja wao wa Monmore umefungwa mwaka huohuo. Swindon wamebeba kombe 2019 na hawajaonekana tena ligi kubwa. Mzee Poole anagombania nani alime, mashamba yenyewe yanauzwa.

Mzee wa Poole
Hilo siyo swali langu.

Nyuki wa Coventry
Ndilo lilikuwa swali toka ulipotaja maegesho.

Dada wa Gorton
Mzee, tuseme ukweli, mchujo ndio unaojaza uwanja. Belle Vue tumekaa bila ubingwa toka 1993 hadi 2022. Lile kombe la 2022 tulilitwaa kwa fainali na Sheffield. Ningeambiwa "mmeshinda kwa hesabu za msimamo", ningepiga makofi nikiwa jikoni. Mwaka uliofuata Sheffield nao wakalichukua, la kwanza katika historia yao ligi kubwa. Mchujo umewapa watu wengi kicheko.

Mzee wa Poole
Na sisi ukatupa kilio. Hakuna aliyejibu la timu nne kati ya saba.

Mtazamaji Tu
Mimi bado nauliza, kwa nini kushoto tu?

Boda Mstaafu
Kwa sababu kulia wamekuachia wewe.

Dada wa Gorton, Jumatatu unakwenda? Natoka kazini saa kumi na moja, gari lina nafasi mbili. Huyo mama wa kijitabu naye aje, nataka nimuulize bei ya kile kiatu.

Dada wa Gorton
Naenda mvua isiponyesha. Uje na kitu cha kufunika chipsi.