Mjadala: Makoti ya mvua yenye PFAS yapigwe marufuku Kenya?

Msimamo wangu nautoa mapema: ndiyo, tuanze na yale mapya yanayoingia bandarini.

PFAS ni kemikali zinazopakwa kitambaa ili maji yajikunje matone na kuteleza. Zina kaboni na fluorini zilizoshikana kiasi kwamba haziozi. Koti likisuguliwa na kufuliwa zinatoka, zinaingia majini, zinakaa. Mojawapo, PFOA, iliwekwa mwaka 2023 na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Ufaransa imekataza nguo za kawaida zenye PFAS kuanzia Januari 2026.

Jirani yangu wa boda anapinga. "Wewe uko ofisini. Mimi mvua ya Aprili inanikuta Jogoo Road na abiria mgongoni. Mkinifungia koti la mitumba la Gikomba nitavaa nini?"

Hoja hiyo ni nzito, kwa hiyo tulilitandika koti lake juu ya pikipiki tukalimwagia kikombe cha maji. Kifuani matone yalisimama kama ushanga. Mabegani, pale mikanda ya begi inaposugua kila siku, kitambaa kilikunywa maji kikawa cheusi. Akaingiza mkono ndani: kukavu! Kumbe anakingwa na utando ulio chini ya kitambaa, pamoja na utepe uliobandikwa kwenye mishono. Dawa ya juu, yaani hiyo PFAS, inazuia tu kitambaa cha nje kisilowe, kikawa kizito na kuzuia mvuke wa jasho usitoke. Kazi hiyo hata nta na silikoni zinaiweza. Udhaifu wa nta na silikoni ni mafuta na uchafu, basi koti lifuliwe vizuri, na kama lebo inaruhusu, lipigwe pasi ya moto mdogo. Na lile koti la plastiki la barabarani halihitaji dawa yoyote.

Wapo wanaosema Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zisizooza, ambao Kenya imo, unatosha. Hautoshi. Uliorodhesha PFOS mwaka 2009, PFOA 2019 na PFHxS 2022, ilhali PFAS ni maelfu. Moja ikikatazwa, viwanda vinahamia ndugu yake.

Na maji yetu yanaelekea wapi? Mto Nairobi unapita kando ya Gikomba, unaingia Athi, unaishia baharini karibu na Malindi. Njiani kuna watu wanaomwagilia sukuma wiki kwa maji hayo. Hawakununua koti lolote.

Kwenye mitumba nasita. Koti lililokwisha kutengenezwa, kulitupa jalalani hakuiondoi kemikali, na mchuuzi hana namna ya kuipima kibandani. Ningeyaacha yavaliwe, ila dawa za kupulizia upya zenye PFAS zizuiwe.

Nyinyi mnaofungua marobota Gikomba na Toi: mzigo wa makoti haya umebadilika tangu Ulaya ianze kuyakataza? Na waendesha boda, mnafanya nini koti likianza kunywa maji?