Baba mkali, bibi msamehevu: neno la mwisho kuhusu mtoto ni la nani?

Mama wa Mbagala:
Habari zenu, na wakubwa shikamooni. Naomba ushauri kuhusu mwanangu wa kiume mwenye miaka minane. Mimi ninauza vitenge Kariakoo, hivyo hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Baba yake ni dereva wa malori ya Tunduma na Lubumbashi, na akirudi hukaa nasi siku nne au tano tu. Anayemwamsha mtoto, kumlisha na kumpeleka shule ni mama mkwe wangu, ambaye bila yeye nisingefanya biashara hata siku moja.

Mwezi uliopita noti ya shilingi 2,000 ilitoweka katika pochi yangu. Jioni yake mama alinikabidhi noti, akasema ameiokota chini ya kabati. Yangu ilikuwa chakavu, imeungwa kwa selotepu katikati. Hii haikuwa na hata mkunjo. Nilielewa, nikanyamaza. Baba yake aliporudi, mtoto akaropoka mwenyewe, akachapwa mkanda hadi mapaja yakavimba, na usiku ule akahamia kitandani kwa bibi. Sasa kila nikimkataza jambo hunijibu, "Bibi ameniruhusu." Je, katika nyumba ya namna hii, neno la mwisho ni la nani?

Mwalimu Mstaafu, Temeke:
Pole, mama. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Diana Baumrind, alitofautisha malezi ya kimabavu, malezi ya kulegeza kila kitu, na malezi ambayo mzazi huweka mipaka thabiti huku akimweleza mtoto sababu zake na kumsikiliza. Nyumba nyingi za Dar es Salaam haziingii katika fungu moja, kwa kuwa mtoto analelewa na watu watatu kwa zamu. Mwanao hana ukaidi wa ajabu. Amejifunza tu ratiba yenu, akajua nani yupo saa ngapi na anakubali nini. Darasani niliwaona wengi wa aina hiyo, na mara nyingi walikuwa ndio wenye akili.

Babu wa Tandika:
Sisi tulichapwa na wazazi, na majirani pia, tukawa watu. Mwizi wa elfu mbili leo, kesho ataiba pikipiki. Bibi ndiye anayeharibu.

Afisa Ustawi:
Shikamoo, babu. Kwa heshima zote, sikubaliani nawe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikumwondolea mzazi haki ya kumrudi mtoto, lakini inasema adhabu haihalalishwi ikiwa imepita kiasi kwa kuzingatia umri na hali ya mtoto. Mkanda unaoacha uvimbe kwa mtoto wa miaka minane ni vigumu sana kuuita kiasi. Sheria hiyohiyo inamtaka mzazi asiyekuwepo ahakikishe kwamba mtoto yuko chini ya uangalizi wa mtu anayefaa, na hilo mama amelitimiza. Kumkabidhi bibi kazi ya kulea, hata hivyo, hakuwavui wazazi wajibu wao. Kwa hiyo neno la mwisho ni lenu wawili, mradi mmelipanga kabla, mtoto akiwa hayupo. Baba anayefika mara moja kwa mwezi na kutoa hukumu za mwezi mzima kwa siku nne hajalea, amekagua.

Wifi Mkubwa:
Dada yangu, usimkalishe mama mkwe wako chini wewe mwenyewe, hata uwe na haki kiasi gani. Mumeo ndiye azungumze na mama yake, na akishindwa, atumwe dada yake. Mama alificha ile noti kwa sababu aliujua mkanda wa mwanawe. Uondoeni mkanda kwanza, ndipo mumwombe asifiche.

Mama wa Mbagala:
Nashukuruni nyote. Nilimpigia mume wangu akiwa bado kwenye foleni ya mpakani, tukazungumza kwa muda mrefu. Alikasirika, kisha akakiri kwamba usiku ule hata yeye hakulala. Amezungumza na mama yake kwa simu, nami sikuuliza walichosemezana. Ila jana mama mwenyewe alinijia jikoni, akasema mtoto hupewa shilingi 500 za vitumbua kila asubuhi, basi kwa siku nne asipewe, deni litakuwa limeisha, na yeye atampikia uji asiende na njaa. Nimekubali. Leo ni siku ya pili, mtoto alijaribu kuniambia kwamba bibi amemsamehe, na bibi, akiwa mlangoni, akamjibu, "Nimekusamehe, lakini hela ni ya mama yako."