MREJESHO: Niliogopa kupasuliwa, sasa nakaa na wanaosubiri zamu

Wapendwa, niliwahi kuwauliza kama nikubali kufunguliwa kifua nibadilishiwe vali ya moyo, ule mlango unaopitisha damu upande mmoja, maana yangu iliharibiwa na homa ya rumatiki tangu utotoni. Wengi mlisema nenda. Mmoja alisema nijaribu mizizi kwanza, huyo nimemsamehe.

Nilifanyiwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Usiku kukitulia naisikia vali ya bandia: tik, tik, kama saa ya ukutani. Mwanzoni mke wangu alikuwa hapati usingizi. Siku hizi anasema asipoisikia ndiyo hatalala.

Kidonda hakikunitesa kama kukohoa. Nesi alinipa mto: "Ukumbatie kwanza baba, ndipo ukohoe." Wiki za mwanzo hata ndoo ya maji sikuruhusiwa kunyanyua. Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye vali, ni ya maisha, na damu napima mara kwa mara kuona inavyoganda. Matembele hupunguza nguvu ya dawa hiyo, lakini sikukatazwa, niliambiwa nile kiasi kilekile kila wiki, nisikae mwezi bila kuyagusa halafu nifakamie sahani nzima.

Jumamosi sasa naenda wodini, kwa ruhusa ya wauguzi, kuketi na wanaosubiri. Mambo ya dawa nawaachia madaktari. Mimi nafungua vifungo vya shati, naonyesha kovu. Juzi mzee mmoja wa Kigoma aliligusa kwa kidole, akauliza, "Na ngazi unapanda?"

"Nimekuja kwa ngazi, mzee wangu."

Akacheka, akamwita mwanawe aje alione.