Bangili zetu za kujikunja: nimpe mwanangu avae?

Mama Watatu: Wakuu habari zenu. Nani anazikumbuka zile bangili bapa, zimenyooka kama rula, ukijipiga nayo kwenye kifundo cha mkono, pah! inajikunja yenyewe? Mama kanirudishia boksi la vitu vyangu vya shule, nimezikuta humo: ya pundamilia, ya madoa ya chui na ya waridi inayong'aa. Binti yangu kaing'ang'ania ya waridi, hadi kulala analala nayo. Shida ni kwamba kitambaa kimechakaa, na kwenye ncha moja chuma kinachungulia. Natamani sana aivae, nilizipenda mno hizi bangili. Nimshonee kitambaa kipya au niachane nayo?

Fundi Bati: Dada, mvue leo hii. Ndani mna utepe wa chuma cha springi, mwembamba, uliobonyea kidogo katikati kwa urefu wake. Ule mbonyeo ndio unaoufanya usimame wima. Ukiupiga, mbonyeo unalala na utepe unajiviringisha kwa nguvu. Sasa ncha ikiwa wazi, nguvu yote ile inaishia kwenye ngozi ya mtoto. Wembe kabisa.

Kumbukumbu90: Umenikumbusha mbali! Darasani kelele ilikuwa pah pah pah mpaka mwalimu anakusanya zote mezani. Zilibuniwa na mwalimu wa Marekani, Stuart Anders wa Wisconsin, mwaka 1983, na zikavuma hasa 1990. Zile halisi ziliitwa Slap Wrap. Zikaja za kuiga, chuma chembamba na kitambaa hafifu, watoto wakakatwa, shule kadhaa huko zikapiga marufuku. Nyingine ukizichana unakuta ni tepu ya kupimia, namba bado zinasomeka!

Mama Watatu: Eti tepu? Nimechungulia kwenye ile ya chui, kweli kuna vistari vyeusi.

Fundi Bati: Basi hiyo ya chui usimpe kabisa. Ya waridi, kushona kitambaa juu ya ncha kali hakusaidii, itatoboa tena. Chomoa chuma. Ukiwa na msasa wa chuma, sugua pembe zote ziwe mviringo hadi ukipitisha pamba isinase, kisha funika ncha kwa utepe mzito wa gundi kabla ya kurudisha kitambaa. Na hata hapo, avae ukiwepo, asilale nayo.

Bi Mshonaji: Mimi siafiki chuma cha zamani kirudi mkononi mwa mtoto, hata kikipigwa msasa. Chukua kitambaa tu, ukitie pamba ndani na kifungo, awe na bangili laini ya mama yake. Kama anachotaka ni ile pah, zile bendi za kuakisi mwanga wanazovaa waendesha baiskeli zinajikunja vilevile. Tafuta yenye plastiki nene iliyozibwa kotekote.

Mama Watatu: Nimeelewa, asanteni sana. Chuma nakichomoa usiku akishalala. Bi Mshonaji, kile kitambaa kinachong'aa kinashoneka kwa sindano ya kawaida au kitachanika?

Bi Mshonaji: Sindano nyembamba, mishono mirefu kidogo. Ukishona kwa kubana sana kitachanika kwenye matundu.