Nimechoka! Manyoya marefu si ushahidi kwamba mbwa wangu jike alipandwa na mbwa koko

Wakuu, habari za jioni. Mimi si mtu wa kufungua nyuzi, huwa nasoma napita zangu. Leo mmenifikisha pabaya.

Nina jike wa German Shepherd, mweusi na kahawia, nimemlea tangu ana miezi miwili. Alipoingia kwenye joto nilimpakia kwenye gari mwenyewe nikampeleka kwa dume wa rafiki yangu. Akakaa siku nne kwenye banda la tofali lenye geti la chuma. Akazaa saba. Watano manyoya ya kawaida. Wawili, dume na jike, kufika wiki ya nne wakaanza kuota vishungi nyuma ya masikio, vilaini kama pamba inayochungulia kwenye mshono wa mto. Hata katikati ya vidole manyoya yamejaa, wakikimbia kwenye sakafu ya saruji wanateleza kama wamevaa soksi.

Mnunuzi alishatoa advansi ya laki moja. Jumapili akaja, akamwinua yule dume, akamgeuza tumbo juu, akanuna. Akapiga picha moja tu, mtoto kafumba jicho, akairusha kwenye grupu la wafugaji. Nusu saa haikuisha. "Hiyo Golden Retriever." "Hapo kuna Chow Chow, cheki doa jeusi kwenye ulimi." (Doa la ulimi! Chow Chow ana ulimi mweusi, sawa, ila doa mbwa wa aina chungu nzima wanalo, Shepadi wakiwemo.) Halafu mmoja, na huyu ndiye aliyenipandisha presha, akaandika kwamba jike wangu aliruka ukuta usiku akakutana na koko, mimi najua fika, na nauza chotara kwa bei ya Shepadi. Sasa hivi naitwa tapeli, wateja watatu wameghairi, na jamaa anadai hela yake.

Haya, tuelewane.

Urefu wa manyoya ya mbwa unaamuliwa zaidi na kinasaba kimoja, kinaitwa FGF5. Kila mtoto anazaliwa na nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Nakala ya manyoya mafupi ndiyo mbabe: akiwa nayo hata moja, anatoka na manyoya mafupi. Ili atoke na marefu, lazima wazazi wote wawili wampe nakala ya marefu. Ndiyo maana Shepadi wawili wa kawaida kabisa, kila mmoja kabeba nakala moja iliyojificha ambayo kwa macho huioni, wanaweza kuzaa wa manyoya marefu. Uwezekano ni robo kwa kila mtoto. Kwangu wametoka wawili kwa saba. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa mleteni huyo koko wenu. Wa jirani yangu anaitwa Simba, manyoya yake mafupi kama brashi ya viatu, na koko wa mitaani kwetu karibu wote wako hivyo. Huyo angempanda jike wangu, nakala zake za manyoya mafupi zingefunika kila kitu, labda naye awe kabeba ya marefu iliyojificha. Yaani mnachokiita ushahidi wa koko ndicho kinachompunguzia koko kesi! Mngesema wale watano ndio wa koko, kidogo ningekaa kimya nifikirie, maana ni kweli jike anaweza kupandwa na madume wawili kwenye joto moja akazaa mchanganyiko. Lakini hapana. Watano mmewapitisha bila swali, mmewakamata wawili ambao ndio ningewaapia kwanza.

Golden je? Kwa manyoya peke yake, angeweza. Ila na jike wangu bado angetakiwa awe na nakala yake ya manyoya marefu, na nionyesheni kwanza ni Golden gani anazurura huku kwetu Kimara usiku akiruka kuta zenye vyupa.

Na hili la Shepadi wa manyoya marefu si jambo jipya. Aina hii ilianza kuandikishwa Ujerumani mwaka 1899, chini ya von Stephanitz, mwanzilishi wake, na wenye manyoya marefu wamekuwa wakizaliwa humo humo kwenye koo zinazoheshimika. Miaka mingi walikataliwa kwenye maonyesho, sawa. Lakini tangu mwishoni mwa 2010 kiwango cha FCI, shirikisho la kimataifa la vilabu vya mbwa, namba 166, kinawatambua wa manyoya ya kawaida na wa manyoya marefu, mradi ndani wawe na yale manyoya mengine ya chini. Wangu wanayo, njooni mtie vidole.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kubahatisha ukoo kwa picha ya simu. Kule Bar Harbor, Marekani, watafiti Scott na Fuller waliwahi kuchanganya Cocker Spaniel na Basenji, yule mbwa wa Kongo ambaye jina lake ni ndugu wa neno letu "washenzi". Kitabu chao kikatoka 1965. Watoto wengi hawakufanana sana na baba wala mama, na wajukuu ndiyo kabisa, kila mmoja na sura yake. Mwaka 2009 huko huko Marekani wakalinganisha aina walizotaja watu wa vituo vya kulelea mbwa na majibu ya vinasaba, na mara nyingi havikukubaliana. Hao ni watu wanaoshika mbwa kila siku. Wewe umeona jicho moja lililofumbwa.

Makaratasi ya ukoo sina, na sijawahi kusema ninayo. Na wewe mnunuzi, ungeniuliza kuhusu babu na bibi wa hawa watoto, ningekujibu ninachojua na nisichojua. Ungetaka kipimo cha vinasaba, tungechangia gharama. Au ungesema tu, "Kaka, Dar joto, na kwenye manyoya haya kupe watajificha, nipunguzie." Hapo ungekuwa na hoja! Ni kweli ukimlea huyu bila kumchana utakuja kukuta kupe wamenona kama maharage. Ningekupunguzia. Lakini ukaenda kuniachia niitwe tapeli mbele ya watu ambao ndio wateja wangu.

Advansi yako ipo, nairusha usiku huu. Namba ni ile ile? Ila urudi kwenye hilo grupu, na chini ya ile picha yako weka ya baba yao na ya mama yao. Zote mbili nilikutumia Jumamosi, na ulizifungua.