Tunauziwa mafuta ya mashudu kwa jina la zeituni, na tumekaa kimya

Wakuu, nimekuja na hasira, mnivumilie.

Mama anasumbuliwa na presha. Kliniki wakamwambia apunguze chumvi na aachane na mafuta yanayoganda, akiweza atumie ya zeituni. Mimi kifungua mimba, mzigo ukaniangukia. Jumamosi nikaingia supamaketi moja hapa Dar (jina nalihifadhi, sitaki kesi), nikakuta chupa ya lita moja 32,000, jirani zake zote 48,000 kwenda juu. Ina tawi la mzeituni, bendera ya Italia na herufi za dhahabu: OLIVE. Nikasema Mungu si Athumani. Na hela yenyewe ni karibu dumu zima la lita tano la alizeti, kumbukeni.

Nimefika nyumbani nikaunga mchicha. Hayana harufu, hayana ladha, kama yamefuliwa. Mdogo wangu akachukua miwani ya mama, akageuza chupa, akasoma maandishi madogo kama sisimizi: "pomace".

Kwa asiyejua, zeituni zikisagwa na kukamuliwa kwa mashine tu, bila kemikali, yanayotoka ndiyo "virgin". Yale bora kabisa, yenye asidi isiyozidi asilimia 0.8 na ladha isiyo na kasoro, ndiyo "extra virgin". Kinachobaki ni mashudu, ndiyo hiyo "pomace". Chukulia machicha ya nazi baada ya kuchuja tui la kwanza na la pili. Sasa hayo mashudu yanapitishwa kwenye kemikali, mara nyingi hekseni, ili yatoe mafuta yaliyong'ang'ania, yanasafishwa kiwandani, kisha yanachanganywa na "virgin" kidogo yapate sura. Si sumu, yanaliwa, na kwa kukaangia hayana neno. Lakini viwango vya Baraza la Kimataifa la Zeituni vinakataza kabisa mchanganyiko huo kuitwa "olive oil". Sasa nani aliyepanga chupa ile chini ya kibao kilichoandikwa MAFUTA YA ZEITUNI?

Nikarudi na risiti. Kijana wa pale ananiambia, "Bro, hayo ndiyo laiti, hayanenepeshi." Kwanza hata hayakuandikwa "light". Pili, "light" ni wepesi wa rangi na ladha. Kijiko cha chakula cha mafuta yoyote ni kama kalori 120, uwe umenunua ya dhahabu au ya kupimiwa kwa Mangi. Hela hawarudishi, chupa imeshafunguliwa.

Nikiwa pale ndiyo nikaona na rafu yenyewe. Imeelekea dirisha la kioo, jua la saa nane linapiga chupa nyeupe peupe! Mafuta haya yanaharibiwa na mwanga, joto na hewa. Ndiyo maana wanaojiheshimu wanayatia kwenye chupa nyeusi au bati. Kwa hiyo hata wale wa 48,000 msicheke sana.

Halafu mtu asiniletee habari ya ukame wa Hispania. Naujua. Mavuno ya 2022 na 2023 yalikuwa mabaya, na Hispania ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote, bei ikapaa dunia nzima. Lakini mavuno yaliyofuata yalikuwa mazuri na bei za jumla zikashuka sana. Kwenye rafu ile sijaona hata mia ikishuka. Na bendera ya Italia? Soma nyuma: imefungashwa Italia, zeituni zenyewe huenda ni za Hispania au Tunisia. Si kosa, ila unailipia bendera.

Nilichoamua ni kununua yaliyoandikwa "olive oil" tu, yaani yaliyosafishwa yakachanganywa na "virgin". Hayo ndiyo ya kuungia maharage na kukaanga samaki. "Extra virgin" nitachukua kichupa kidogo cha kachumbari. Si kwamba hayakaangiki, huo ni uzushi, yanaanza kutoa moshi kwenye nyuzi 190 hadi 210 na samaki anaiva kwenye 180. Shida ni bei. Maandazi yatabaki kwenye alizeti ya Singida, siwezi kumwaga mshahara kwenye karai. Na mama mdogo anayesema ninunue vile vichupa vya duka la dawa: mama, vingi ni vya kupaka, na kile chako cha upako kiache kanisani.

Anayejua duka Kariakoo au Mwenge lenye bati la lita tatu, lililokaa kivulini, tarehe haijakaribia, aweke bei hapa. Bati kwa lita huwa nafuu, na sisi tuko saba, litaisha kabla halijachacha. Na nyie wa "tumia mawese ya Kigoma", nimewaona mnakuja. Mawese yanaganda, someni juu.