Kutia supachaja kwenye Morris Minor ya mwaka 1965

Mwenye Morris, Ng'ambo
Assalamu alaykum. Nina Morris Minor 1000 niliyoachiwa na marehemu babu, yenye injini yake ya asili ya sentimita za ujazo 1098, ambayo naiendesha kila siku baina ya Ng'ambo na Bububu. Je, nikiitia supachaja, yaani pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini, ya kuzungushwa kwa mkanda, injini itastahamili?

Fundi, Mwanakwerekwe
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Itastahamili ukienda kwa kiasi. Krenki yake, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, hushikiliwa na bering kuu 3 tu, na mgandamizo wake wa kawaida, yaani kiasi hewa na petroli zinavyobanwa ndani ya silinda, ni 8.5 kwa 1. Hewa inayoshindiliwa hupata moto, na ikiingia kwenye mgandamizo huo petroli huripuka kabla ya wakati wake, na mwisho pistoni hutoboka. Punguza kwanza mgandamizo, chelewesha cheche kidogo, na uhakikishe kabureta inatoa petroli ya kutosha. Ukisikia injini inagonga, ondoa mguu papo hapo.

Mkaazi wa Chake Chake
Naafiki, ila mimi ningeanza na breki. Zote 4 ni za dramu, na zilitengenezewa nguvu za farasi 48 tu.

Mwenye Morris, Ng'ambo
Ahsanteni sana. Supachaja itasubiri, wiki hii nafungua dramu.